Nyavu Zilizochoka Ziishie Wapi? Majibu kwa Wasomaji wa Mwambao wa Ziwa

Barua nyingi zilizotufikia safari hii kutoka Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria zinauliza jambo linalofanana: vifaa vya uvuvi vilivyokwisha kazi, yaani nyavu, kamba na maboya, vifanywe nini ili visiishie majini. Tumechagua chache na kuzifupisha bila kubadili maana. Majina ya walioziandika tumeyahifadhi.

Swali: Ndugu mhariri, salamu kutoka Kayenze. Nina mitumbwi ya sangara. Kila mwaka nyavu kadhaa huchanika kiasi kwamba mshonaji hukataa hata kuzigusa. Vijana wangu huzichoma ufukweni, na wakiwa kambini visiwani nina hakika huzitupa majini. Sipendi yote mawili, lakini sijaona njia ya tatu. Nizipeleke wapi? (Mwenye mitumbwi, Kayenze)

Jibu: Ndugu yangu, nimefurahi kwamba swali hili limetoka kwa mwenye chombo, kwa sababu anayenunua nyavu ndiye mwenye kauli juu ya mahali zitakapoishia. Kijana wa kambini hutupa kwa kuwa hajaambiwa arudi nazo.

Nyavu za sangara hapa ziwani kwa sehemu kubwa zimefumwa kwa uzi wa nailoni, na nailoni ni nzito kuliko maji. Kipande kikitupwa hakielei kikaonekana; huzama, kikajiviringisha kwenye jiwe, au kikasimama nusu kwa kushikiliwa na maboya yaliyobaki, na hapo huendelea kuvua bila mwenyewe. Samaki anayenaswa humo hufa, na mzoga wake huwavuta wengine wanaokuja kumla, ambao nao hunaswa. Zamani, nyavu zilipofumwa kwa pamba na nyuzi nyingine za mimea, wavu uliopotea ulioza baada ya muda mfupi. Nailoni haiozi hivyo. Chini ya maji, mahali ambapo jua haliifikii, hudumu kwa miaka mingi sana. Kumbuka pia kwamba ziwa letu lina wastani wa kina cha mita 40 hivi na mlango mmoja tu mkubwa wa kutokea maji, yaani Mto Nile pale Jinja. Kilichozama mbele ya Kayenze hakina pa kwenda.

Kuchoma nako hakuondoi tatizo. Nailoni ina naitrojeni ndani yake, na inapoungua kwa moto wa ufukweni usiopata hewa ya kutosha, moshi wake hubeba gesi za sumu, ikiwemo sayanidi ya haidrojeni. Anayeuvuta ni kijana anayechochea moto, pamoja na mama anayeanika dagaa hatua chache kutoka hapo na mtoto wake aliye mgongoni. Sehemu isiyoungua huyeyuka, hudondokea mchangani na kuganda kuwa mabonge meusi ambayo hakuna mtu anayeweza kuyafanyia kazi tena, na mvua ikinyesha husombwa kuingia ziwani ulikokuwa ukikuepuka.

Njia ya tatu ni kuutunza wavu uliochoka nchi kavu kama mali, mpaka apatikane wa kuuchukua, na kuutunza huko kuna utaratibu wake. Kwanza uvunje wavu: kata kamba ya juu na kamba ya chini, ondoa maboya, ondoa vizito vya risasi au mawe, ili mwili wa wavu ubaki peke yake. Kung'uta mabaki ya samaki na majani ya gugu maji, suuza kwa ndoo mbali na ukingo wa maji, kausha kivulini, kisha funga kwenye magunia, kila aina na gunia lake. Ukichanganya nailoni na kamba kwenye gunia moja umeharibu vyote viwili, kwa maana mnunuzi hawezi kuviyeyusha pamoja.

Usipojua kipande ni cha aina gani, kikate kidogo, kizamishe ndani ya ndoo ya maji na ukikamue kwa vidole humo humo ndani ili hewa iliyonasa kwenye nyuzi itoke, kisha ukiachie. Nailoni na poliesta huzama. Polipropilini na polietilini, ambazo ndizo kamba nyingi za bluu, kijani na njano zilivyotengenezwa, huelea. Jaribio hili halitenganishi nailoni na poliesta. Kwa hilo itakubidi umuulize aliyekuuzia, na ni vizuri kuanzia sasa ukate lebo ya kila bando jipya unalonunua na kuihifadhi.

Kuhusu wa kuuziwa, anza na wale wanaonunua chupa na plastiki ngumu kwa kilo mjini Mwanza. Waulize kabla ya kusafirisha kama wanapokea kamba, madumu yaliyopasuka na maboya, na kwa usafi wa kiwango gani. Mwili wa wavu wa nailoni una wanunuzi wachache zaidi, na kwa sababu hiyo mtu mmoja mmoja hawezi kuuza peke yake; soma jibu tulilompa katibu wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi ufukweni, hapo chini. Risasi usitupe na usiuze ovyo. Ihamishie kwenye wavu mpya kama ilivyo. Kuyeyusha risasi kwenye jiko la nyumbani, kama baadhi ya watu wanavyofanya ili kuifinyanga upya, ni kuwalisha watoto sumu inayodhuru ubongo, hata kama sufuria hiyo haipikiwi tena.

Swali: Mhariri, hujambo? Mimi ni mchakataji wa dagaa hapa Igombe. Tunaanika juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa chini, na tunapopepeta tunakuta vijiuzi vya plastiki vimechanganyika na dagaa. Wateja wameanza kulalamika. Je, niache nyavu nirudi kuanika mchangani? (Mama wa dagaa, Igombe)

Jibu: Sijambo, mama yangu. Usirudi mchangani. Dagaa wa mchangani hubeba mchanga na uchafu wa kuku na mbuzi, na bei yake unaijua. Wavu kuukuu uliotandazwa juu ya kichanja ni matumizi mema ya kitu ambacho kingetupwa; hewa hupita chini na juu, dagaa hukauka upesi, na mvua ya ghafla ikija ni rahisi kuwakusanya. Ukiweza kupandisha nyavu zako kutoka chini na kuziweka kwenye kichanja utakuwa umeondoa nusu ya malalamiko.

Nusu iliyobaki inatokana na umri wa wavu. Miale ya jua huuvunja uzi taratibu, na wavu ulioanikwa juani mchana kutwa, msimu baada ya msimu, hufika mahali ukaanza kumeguka vipande vidogo. Chukua uzi mmoja, usugue kati ya kidole gumba na cha shahada: ukiacha unga au manyoya, au ukikatika bila kuvutwa kwa nguvu, wavu huo umekwisha hata kama bado unaonekana mzima. Uondoe kichanjani siku hiyo hiyo na uuweke pamoja na nyavu za kupelekwa kurejelezwa. Kwa dagaa ni bora kuwa mkali kidogo na kuuondoa mapema.

Nasema hivyo kwa sababu plastiki ndani ya samaki wa ziwa letu si uvumi. Mwaka 2016 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa sangara 20 na sato 20 walionunuliwa hapa hapa Mwanza, na walithibitisha chembe za plastiki katika utumbo wa asilimia 20 ya samaki wa kila aina. Sangara na sato huondolewa utumbo kabla ya kupikwa. Dagaa huliwa mzima, na utumbo wake, na huliwa zaidi na watoto na watu wa kipato cha chini. Ndiyo maana mimi naona mchakataji wa dagaa ana sababu kubwa kuliko mtu mwingine yeyote ya kutaka mwalo, yaani ufukwe ambako mitumbwi huteremsha samaki, uwe safi.

Jambo moja nakuomba ulikatae kabisa: kuanika juu ya chandarua cha mbu. Vyandarua vyenye dawa vimetiwa viuatilifu vilivyokusudiwa kuua mbu, na viuatilifu hivyo ni sumu kali kwa samaki hata kwa kiasi kidogo. Haifai kuvitumia kuvulia, kuanikia, wala kuvifua ziwani.

Swali: Kila siku mnawasema wavuvi. Mbona hamuusemi mji? Mvua ikinyesha tu, Mto Mirongo unamwaga ziwani chupa na taka za jiji zima. (Mvuvi, Kirumba)

Jibu: Malalamiko yako ni ya haki. Mirongo hupita katikati ya jiji na hubeba kila kilichoachwa kwenye mitaro, na ingawa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, chupa, vifungashio na kandambili bado vinashuka na maji kila mvua. Jiji lina wajibu wake na halipaswi kuusukumia mwaloni. Lakini wavu una tofauti moja na chupa: umetengenezwa ili unase, na utaendelea kunasa ukiwa na mwenyewe au bila mwenyewe. Hujifunga pia kwenye panga za injini, nanyi mnajua ni hatari gani injini kuzimika ghafla wakati wa dhoruba. Kwa hiyo hata kama Mirongo ungekauka leo, mvuvi angebaki na sababu zake mwenyewe za kutotupa wavu.

Swali: Sisi ni BMU katika Wilaya ya Ukerewe. Tumekubaliana kuweka kituo cha kupokea nyavu chakavu mwaloni kwetu, lakini mkutano umegawanyika. Wapo wanaotaka anayeleta alipe ada ya utunzaji, wapo wanaotaka alipwe. Tuanzie wapi? (Katibu wa BMU, Ukerewe)

Jibu: Ndugu Katibu, mmegusa jambo ambalo bandari kubwa za dunia zimelihangaikia kwa miaka mingi, na jibu langu kwa sehemu ya kwanza ni la moja kwa moja: anayeleta wavu asidaiwe hata shilingi anapoufikisha. Ziwa halitozi ada. Mkiweka ada mlangoni pa kituo, hata ndogo, mtakuwa mmemwonyesha mvuvi kwamba ni nafuu kutupa usiku kuliko kuleta mchana. Umoja wa Ulaya, katika agizo lake la mwaka 2019 kuhusu vituo vya kupokea taka bandarini, umeelekeza kwamba gharama iingizwe katika malipo ya jumla ambayo kila meli hulipa, iwe imeleta taka au haikuleta, ili asiwepo anayeokoa fedha kwa kutupa baharini. Nanyi mnaweza kufanya vivyo hivyo kwa kadiri yenu: mkutano mkuu uweke mchango mdogo wa kila mtumbwi kwa mwaka, ulipwe na wote pamoja na michango mingine, na baada ya hapo mlango wa kituo uwe wazi.

Je, anayeleta alipwe? Hapa nawasihi muende polepole. Malipo kwa kilo yanavuta watu, na upo mfano mzuri wa Ufilipino, ambako tangu mwaka 2012 mpango ulioitwa Net-Works uliwashirikisha wanavijiji wa visiwani kukusanya nyavu za nailoni, ukauza shehena nje ya nchi kwa ajili ya kutengeneza uzi wa mazulia, na mapato yakapitia vikundi vya kuweka na kukopa vinavyofanana sana na vikoba vyetu. Angalia lakini kwamba mpango huo ulikuwa na mnunuzi tangu mwanzo. Mkianza kulipa kabla ya kuwa na mnunuzi, sanduku litakauka miezi michache tu, imani ya wanachama itavunjika, na magunia yatawabakia. Lipo pia jambo ambalo hakuna mwalo usiolijua, nalo ni wizi wa nyavu. Mkitangaza bei nzuri ya wavu kwa kilo bila kuuliza umetoka wapi, mtamfungulia mwizi duka.

Mimi ningependekeza hivi. Kila anayeleta apimiwe kwa mizani mbele ya watu wawili, aandikiwe stakabadhi yenye kilo, aina na namba ya chombo, na asilipwe siku hiyo. Shehena ikiuzwa, fedha zigawanywe kwa mujibu wa stakabadhi baada ya kuondoa gharama za usafiri. Kama hamna mnunuzi kwa sasa, mnaweza kumpa mleta nyavu uzi wa kushonea kwa kiasi mtakachokubaliana. Ni kitu anachokihitaji na hakimvutii mwizi kama fedha taslimu.

Mahali pa kituo pana uzito kuliko ukubwa wake. Watu wengi hufikiria nyavu nzima zilizochoka, lakini taka nyingi za nyavu huzaliwa mikononi mwa washonaji: vipande vinavyokatwa wakati wa kuziba, vijiuzi, ncha za kamba. Vipande hivi ni vidogo, upepo huvichukua, na hakuna anayerudi kuviokota. Wekeni pipa moja chini ya kila kivuli ambapo washonaji hukaa, liwe na kifuniko, na mtu aliyepewa jukumu la kulimwaga kituoni kila jioni. Nikilazimika kuchagua kati ya banda zuri na mapipa hayo, ningechagua mapipa.

Banda lenyewe liwe na paa, kwa sababu jua huharibu nailoni na mvua huongeza uzito usiolipwa, na sakafu iinuliwe kwa mbao au sementi ili mchanga usiingie. Msijenge karibu na maji. Mwaka 2020 mliona jinsi ziwa lilivyopanda na kumeza fukwe, na zaidi ya hayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo la mita 60 kutoka ukingo wa ziwa dhidi ya shughuli za kudumu zinazoweza kuyadhuru mazingira yake. Kabla ya kumwaga msingi, onaneni na afisa mazingira wa halmashauri na afisa uvuvi, mpate kauli yao kwa maandishi.

Usafiri ndio utakaowasumbua zaidi, nanyi mko kisiwani. Nyavu zisizoshindiliwa hujaza chombo huku uzito wake ukiwa mdogo, na mwenye chombo hutoza kwa nafasi. Tengenezeni kasha la mbao lisilo na mfuniko, tandikeni kamba chini, jazeni wavu mkikanyaga kwa miguu, kisha fungeni kamba hizo juu na kulitoa furushi. Kazi hiyo haihitaji mashine. Msisafirishe mpaka mpate shehena ya maana, na ikiwezekana ungeni na mialo ya jirani, ya Ukara na kwingineko, ili mnunuzi wa Mwanza apate sababu ya kuzungumza nanyi.

Kuna vitu viwili ambavyo havipaswi kulala banda moja na nyavu. Cha kwanza ni betri. Tangu taa za betri na sola zianze kuchukua nafasi ya karabai katika uvuvi wa dagaa, mialo imepata taka mpya yenye risasi na tindikali, au lithiamu inayoweza kushika moto yenyewe ikitobolewa au kugongwa, na nyavu kavu zikishika moto hamtazizima. Cha pili ni oili chafu ya injini. Ikusanyeni katika madumu yenye vifuniko, mbali na nyavu, na wavu uliolowa oili usiingie kwenye furushi, kwa maana furushi zima linaweza kukataliwa kwa ajili yake.

Swali: Shikamoo mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa uvuvi hapa Nyegezi. Nimesoma kwamba Ulaya nyavu za zamani hugeuzwa uzi wa mazulia na nguo za kuogelea. Kwa nini Mwanza tusijenge kiwanda kama hicho? (Mwanafunzi, Nyegezi)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Ulichosoma ni kweli. Nailoni iitwayo nailoni 6 inaweza kuvunjwa kikemia ikarudi kuwa kaprolaktamu, yaani malighafi iliyotengenezewa, na kutoka hapo ikafumwa uzi usiotofautiana na mpya. Kampuni ya Aquafil hufanya hivyo katika kiwanda chake nchini Slovenia. Lakini kiwanda cha namna hiyo hula malighafi kwa maelfu ya tani, bila kukatika, na malighafi yenyewe lazima iwe nailoni 6 iliyotenganishwa na kila kitu kingine, hata na ndugu yake nailoni 6.6, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi joto 260 hivi wakati nailoni 6 huyeyuka kwenye 220. Sisi bado hatujaweza kutenganisha wavu na kamba yake mwaloni. Kuanza na kiwanda ni kuanzia mwisho.

Ipo njia nyepesi zaidi, ya kusaga, kuosha, kuyeyusha na kutoa chembe ambazo wenye viwanda vya vyombo vya plastiki huzinunua. Polietilini huyeyuka kwenye nyuzi joto 130 hivi na polipropilini kwenye 160, viwango ambavyo karakana ya kawaida inavimudu, na ndiyo sababu naamini kamba, madumu na maboya magumu ndivyo vitakavyopata soko kabla ya nyavu zenyewe. Pwani ya Afrika Mashariki imeshaonyesha kwamba inawezekana kutengeneza kitu kikubwa kwa plastiki iliyookotwa: Flipflopi, jahazi lililojengwa Lamu kwa plastiki iliyorejelezwa na kupambwa kwa kandambili, lilisafiri hadi Zanzibar mwaka 2019 na mwaka 2021 likaletwa Ziwa Victoria kuhamasisha watu kuhusu taka hizi.

Kama unatafuta kazi ya utafiti wa kumaliza masomo, chagua mwalo mmoja, kaa nao msimu mmoja, pima kwa mizani kila kinachotupwa na uandike ni cha aina gani: nailoni kilo ngapi, kamba kilo ngapi, maboya mangapi, betri ngapi. Mwenye mtaji hawezi kuleta mashine Mwanza bila kuona hesabu kama hiyo, na wewe uko Nyegezi, karibu na maji, karibu na walimu na karibu na watafiti wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi nchini. Itafaa kuliko tasnifu nyingi ninazozisoma.

Swali: Nyavu haramu zinazokamatwa huchomwa moto hadharani. Kama kuchoma kunaleta sumu, mbona nazo zisirejelezwe? (Msomaji, Musoma)

Jibu: Mamlaka huzichoma ili zisirudi majini, na lengo hilo ni sahihi; katika Operesheni Sangara ya mwaka 2018, msako dhidi ya uvuvi haramu, kiasi kikubwa cha nyavu kiliteketezwa kanda hii kwa sababu hiyo. Timba (nyavu za uzi mmoja usiosokotwa), kokoro (nyavu za kukokota hadi ufukweni) na nyavu za macho madogo zikihifadhiwa ghalani zikiwa nzima, kishawishi cha kuziuza tena ni kikubwa. Hata hivyo kuna namna ya kufikia lengo lile lile bila moshi: zikatwe vipande vidogo kwa mashine au panga mbele ya mashahidi, baada ya taratibu za kisheria kukamilika kwa kuwa nyavu hizo ni vielelezo, kisha vipande hivyo viingie kwenye mkondo wa kurejelezwa. Uamuzi huo ni wa mamlaka, si wa mvuvi wala wa BMU. Ningependa sana kuona halmashauri moja ya kanda ya ziwa ikilijaribu.

Swali linaloambatana na lako, ambalo wasomaji wengine wawili wameuliza, ni kama mtu atakayepeleka timba kituoni kwa hiari atakamatwa. Mimi siwezi kumpa mtu kinga ya sheria. BMU inayofungua kituo ikae na afisa uvuvi kwanza, wakubaliane na kutangaza kipindi na masharti ya kusalimisha, na nyavu hizo zikatwe pale pale mbele ya aliyezileta.

Swali: Mimi situpi nyavu, lakini hupotea. Dhoruba inazichukua, wengine wanaziiba, vyombo vikubwa vinazikata. Nifanye nini nisipoteze, na nikipoteza nifanye nini? (Mvuvi, Sengerema)

Jibu: Kaka, hali yako wanaijua wavuvi wa dunia nzima. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022, uliotokana na mahojiano na wavuvi 450 wa nchi 7, ulikadiria kwamba karibu asilimia 2 ya zana za uvuvi zinazotumika duniani hupotea kila mwaka, na hizo ni za watu ambao wengi wao hawakutaka kuzipoteza.

Anza na alama. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliidhinisha mwaka 2018 miongozo ya hiari ya kutia alama zana za uvuvi, na msingi wake unaweza kuutumia bila gharama kubwa: andika namba ya usajili ya mtumbwi wako kwenye kila boya na kwenye kipande kigumu kilichofungwa katika kamba ya juu, mwanzo na mwisho wa wavu, ili aliyeuokota ajue wa nani na aliyeuiba apate shida kuuza. Weka bendera inayoonekana mchana na taa usiku kwenye ncha zote mbili. Usitumie chupa za maji kama maboya. Hupasuka, hujaa maji, na wavu huzama na kila kilichomo. Epuka kutega kwenye njia za vivuko na meli, na anga likionyesha dhoruba, toa nyavu mapema hata kama ni chache zilizopata samaki.

Simu yako ikiwa na ramani, hifadhi mahali ulipotega kabla ya kuondoka. Wavu ukipotea, andikisha kwenye daftari la BMU siku hiyo hiyo: tarehe, mahali, kina, urefu wa wavu, ukubwa wa macho na rangi ya maboya. Norwei imewapa wavuvi wake wajibu wa kutoa taarifa ya zana zilizopotea, na tangu miaka ya 1980 mamlaka ya uvuvi ya huko hutuma chombo kila mwaka kuzisaka na kuziopoa. Bila taarifa ya mvuvi chombo hicho kisingejua pa kuanzia.

Kuuopoa mwenyewe kunawezekana. Chukueni nanga ndogo ya kulabu nne, ifungeni kwenye kamba ndefu, nendeni mitumbwi miwili asubuhi na mapema wakati ziwa limetulia, mkaiburute polepole kukatisha mstari uliotegwa wavu, si kuufuata. Ikinasa, simamisheni injini na mvute kwa mikono kutoka ubavuni mwa mtumbwi, kamwe si kutoka nyuma ambako panga za injini ziko, na wa mtumbwi wa pili wakae tayari na kisu kikali iwapo uzito utaanza kuulaza mtumbwi wenu. Asizamie mtu kwenda kuufungua chini ya maji, hata awe mwogeleaji hodari namna gani, kwa sababu wavu uliolegea hunasa mguu wa mtu kama unavyonasa samaki.